Maonyesho ya Magari ya Kale: Mkazi wa Eastlands Aende Kutazama Nini?

Kila mwaka, kwa kawaida Jumapili ya mwisho ya Septemba, uwanja wa mbio za farasi wa Ngong Road huwa na mashindano ya magari ya kale yanayoitwa Africa Concours d'Elegance. Jina ni la Kifaransa, na maana yake ni mashindano ya umaridadi. Pengine jina hilo ndilo linalowafanya wakazi wengi wa Makadara, Umoja, Kayole na Dandora kudhani kwamba hiyo ni sherehe ya watu wa Karen na Muthaiga. Dhana hiyo si sahihi. Lango liko wazi kwa yeyote anayelipa kiingilio, na waamuzi hawatoi alama hata moja kwa sababu ya bei ya gari.

Huenda ukajiuliza habari ya magari kuukuu inaihusu vipi kaunti. Jedwali la Nne la Katiba ya 2010 limezikabidhi kaunti shughuli za utamaduni, burudani za umma na makumbusho. Jedwali hilohilo limezikabidhi pia barabara za kaunti na maegesho. Gari la kale linaingia pande zote mbili. Likiwa limeng'arishwa uwanjani, ni urithi. Likiwa limekaa miaka 10 bila magurudumu katika korti ya Buruburu au nyuma ya nyumba za Jerusalem, ni malalamiko katika ofisi ya wadi. Mara nyingi ni gari la aina ileile. Aliyelitunza mmoja alijua ana nini mkononi, na mwingine hakuwahi kuambiwa.

Mashindano haya huandaliwa na chama cha wamiliki wa magari ya Alfa Romeo, na yalianza mwaka 1970. Asili ya mashindano ya namna hii ni Ulaya. Yale ya Villa d'Este nchini Italia yalianza mwaka 1929, na yale ya Pebble Beach huko California, Marekani, mwaka 1950. Ya kwetu hayajatenga matajiri peke yao. Huja magari ya kifahari, huja Land Rover zilizolima matope shambani, huja pikipiki, na huja washindani kutoka nchi jirani kama Uganda.

Gari la kale ni lipi hasa? Shirikisho la kimataifa la magari ya kihistoria, FIVA, huhesabu gari lililofikisha miaka 30 au zaidi, lililotunzwa katika hali yake halisi na ambalo halitumiki tena kama chombo cha kila siku. Wajuzi wa Uingereza wana majina ya kila kipindi. Kwao neno "vintage" ni la magari ya kati ya 1919 na 1930 tu. Sisi huku tunaliita lolote lenye umri "la zamani" na tunaelewana. Lakini chukua hesabu ile ya miaka 30 uitembeze mtaani kwako. Gari lililoundwa 1990 limekwisha kuvuka. Datsun, Corolla za mwanzo, Mercedes za miaka ya 1970 na Volkswagen Beetle yenye umbo la kobe zimevuka zamani sana.

Waamuzi wanatazama nini

Mtu akienda bila kujua jinsi alama zinavyotolewa, atatembea kati ya magari yanayong'aa, atapiga picha chache, na baada ya saa moja atakuwa amechoka. Akijua, siku nzima haitamtosha.

Magari hugawanywa katika makundi, mengine kwa ukubwa wa injini na mengine kwa umri au matumizi. Kisha waamuzi hulizunguka kila gari wakiwa na karatasi mkononi. Hutazama rangi na bodi, viti na dari ndani, sehemu ya injini, buti, magurudumu, na hata chini ya gari ambako wengi wetu hatujawahi kuchungulia. Vifaa vya umeme hujaribiwa: taa, viashiria, waipa, honi. Gari pia linapaswa kuonyesha kwamba linatembea lenyewe barabarani. Gari lililoletwa likiwa limebebwa kama maiti, lisiloweza kuwaka, halina lake hapo.

Kinachopimwa ni usafi na hali ya gari. Ndiyo maana Datsun ya kawaida iliyotunzwa vizuri inaweza kulipita gari lenye jina kubwa ambalo mwenyewe alisahau kufuta mafuta chini ya injini. Simama karibu na mwamuzi uone macho yake yanaenda wapi. Huanza na nafasi kati ya mlango na bodi. Nafasi hiyo ikiwa nyembamba juu na pana chini, mlango umelegea au gari liliwahi kugongwa na kunyooshwa vibaya. Hutazama raba za madirisha, ambazo hukauka na kupasuka kwa jua letu. Hutazama nikeli ya bampa kama imechubuka. Hutazama nyaya: je, zimefungwa kwa mpangilio kama zilivyotoka kiwandani, au kuna utepe mweusi umezungushwa kila mahali?

Hapo ndipo fundi wa Eastlands anapopaswa kuvuta kiti, kwa sababu kila kitu kinachotafutwa na mwamuzi ni kazi ya mkono wa mtu. Bodi hunyooshwa na fundi wa bodi, rangi na fundi wa kupuliza rangi, viti na mshonaji wa viti, nyaya na fundi wa waya. Stadi hizo zimejaa Kariobangi Light Industries na kando ya Barabara ya Kirinyaga, ambayo wengi bado tunaiita Grogan. Pale Kamukunji, vijana hugonga bati bapa hadi likawa sanduku, jiko au toroli. Panga la gurudumu la Peugeot ya 1965 haliuzwi tena dukani. Likioza, lazima mtu aligonge upya kutoka kwenye bati, kwa nyundo na jicho. Stadi hiyo tunayo. Tunachokosa mara nyingi ni subira ya kuimaliza kazi jinsi gari la maonyesho linavyodai, na wateja wanaojua kwamba sisi tunaiweza.

Kuna tofauti moja ambayo fundi kijana anapaswa kuielewa mapema. Kutengeneza gari liendelee kubeba abiria ni jambo moja. Kulirudisha lilivyotoka kiwandani ni jingine kabisa. Mtaani tunasifu aliyetoa injini ya Peugeot akatia ya Toyota, akabadilisha rimu na kulishusha gari chini. Ni ubunifu, na gari linatembea. Lakini katika ulimwengu wa magari ya kale kila badiliko la namna hiyo hupunguza thamani. Kabureta ya asili, hata ikiwa imechoka, inafaa kusafishwa na kuwekwa kando. Usiitupe. Vilevile pati. Bodi iliyozibwa kwa pati huonekana laini siku ya kwanza, lakini kutu huendelea kula chini yake. Ukiwa nyumbani, weka sumaku ndogo kwenye bodi ya chuma: inaposhika vizuri kuna chuma, inapoteleza kuna pati nene. Tafadhali usilifanye jaribio hilo uwanjani kwenye gari la mwenyewe.

Magari yenye historia ya hapa nyumbani

Baadhi ya magari utakayoyaona hayahitaji maelezo kwa yeyote aliyekulia Nairobi. Mashindano ya Safari Rally yalianza mwaka 1953, na kwa miaka mingi magari yaliyoshindana yalikuwa ya aina ileile iliyouzwa madukani. Mwaka 1963 mvua na matope yaliyaangusha magari mengi kiasi kwamba saba tu ndiyo yaliyofika mwisho. Mwaka 1968 yakafika saba tena. Mara zote mbili mshindi alikuwa Nick Nowicki, na mara zote mbili aliendesha Peugeot 404. Joginder Singh alishinda mwaka 1965 kwa Volvo iliyokuwa imekwisha kutumika kabla yake, kisha akashinda tena 1974 na 1976 kwa Mitsubishi Lancer. Shekhar Mehta alishinda mara tano, kwanza 1973 kwa Datsun 240Z, halafu miaka minne mfululizo kuanzia 1979 hadi 1982, akiwa na Datsun vilevile.

Ushindi huo uliuza magari. Mwenye duka Jogoo Road aliyetaka gari la kuvumilia barabara za mashambani alikuwa amejionea lipi lilirudi na lipi lilibaki kwenye matope. Peugeot 404, yenye mkono wa gia kwenye usukani, ikawa gari la mwalimu mkuu, la karani na la mfanyabiashara. Ikafuata 504 iliyozinduliwa mwaka 1968. Ile ndefu ya viti vitatu ilibeba abiria wa safari za mbali kwa miongo kadhaa, na aina hiyo ya gari iliendelea kuunganishwa hapa nchini hadi mwanzoni mwa miaka ya 2000, muda mrefu baada ya Ufaransa kuiacha. Waulize wazee waliokuwa wakirudi nyumbani Krismasi wakiwa wamebanana, kuku miguuni.

Kuna pia gari ambalo vijana wengi hawaamini liliwahi kuwako: Nyayo Pioneer. Mwaka 1986 Rais Moi alikitaka Chuo Kikuu cha Nairobi kitengeneze gari la Kenya. Magari matano ya majaribio yaliundwa na kuzinduliwa mwaka 1990, lakini fedha za kuyatengeneza kwa wingi hazikupatikana. Mtu akikutajia habari hiyo uwanjani, hakutanii.

Pengo kubwa, kwa maoni yangu, ni matatu. Mwaka 1973 Rais Kenyatta aliruhusu matatu kubeba abiria bila leseni za awali, na magari hayo, yaliyopata jina kutokana na nauli ya mapeni matatu ya senti kumi, ndiyo yaliyoijenga Eastlands tunayoijua. Lakini gari la biashara hufanyishwa kazi hadi life. Nganya iliyochorwa kwa fedha nyingi huwa imepitwa na wakati baada ya miaka michache, inapakwa rangi nyingine, inauzwa upcountry, halafu inakatwa. Gari la balozi lina mtu wa kulifunika kwa turubai. La makanga halina. Matokeo yake ni kwamba historia ya usafiri inayoonyeshwa uwanjani inaegemea upande mmoja wa mji. Yeyote mwenye matatu ya zamani iliyobaki nzima, hata kama ni bodi tu, ana kitu adimu kuliko anavyodhani.

Siku yenyewe

Kutoka Eastlands, shuka mjini, tembea hadi Railways na upande matatu ya 111 ya kwenda Ngong. Itapita Dagoretti Corner, na uwanja uko mbele kidogo, kando ya barabara hiyohiyo; mwambie makanga akushushe Racecourse. Tarehe na kiingilio hutangazwa kabla, kwa hiyo thibitisha kwanza kabla ya kupanga safari ya familia nzima. Fika asubuhi. Waamuzi hufanya kazi mapema, na wengi wanaokuja saa nane huona tu magari yaliyokwisha kukaguliwa na umati wa watu. Uwanja ni mpana na kivuli ni kichache: beba kofia, maji na viatu vya kutembelea.

Adabu ya mahali ni nyepesi. Usiguse gari bila ruhusa, usiliegemee ukipigwa picha, usimkalishe mtoto juu ya boneti. Begi lenye zipu ya chuma lishike mbele yako, maana mkwaruzo mmoja unaweza kumpotezea mtu alama alizozitafuta mwaka mzima. Zaidi ya hapo, uliza. Wenye magari haya hupenda kuulizwa kuliko kusifiwa. "Habari yako mzee, hii ni ya mwaka gani?" yatosha kufungua mazungumzo ya nusu saa. Ukiwa fundi, uliza nani alimpulizia rangi, spea alizipata wapi na nini kilimshinda. Mtu aliyehangaika miezi sita kutafuta mshonaji wa viti atafurahi kupata namba yako ya simu. Andika kazi zako chache kwenye karatasi au weka picha zake kwenye simu. Mdomo mtupu hausaidii sana.

Tazama pia namba za magari. Sahani yenye herufi tatu na tarakimu tatu, bila herufi mwishoni, ni ya kabla ya mfumo wa KAA ulioanza mwishoni mwa miaka ya 1980. Namba kama hiyo huonyesha kwamba gari limekaa nchini muda wote huo. Jambo hilo lina uzito, kwa sababu kiwango cha KS 1515 kwa kawaida hakiruhusu kuingizwa kwa gari lililotumika zaidi ya miaka 8. Maana yake ni kwamba magari ya kale tuliyo nayo ni hayahaya. Likikatwa moja, si rahisi kuagiza jingine.

Gari lililoko nyumbani kwenu

Sheria ya makumbusho na urithi ya 2006 hulinda kama vitu vya kale vile vilivyotengenezwa au kuletwa nchini kabla ya mwaka 1895. Hakuna gari linaloingia hapo. Hivyo Peugeot ya marehemu baba iliyoko nyuma ya nyumba haina mlinzi isipokuwa ninyi wenyewe, na atakayeibisha hodi wa kwanza pengine ni mnunuzi wa vyuma vikuukuu. Yeye hununua kwa kilo. Kwake, Beetle ya 1968 na mabati ya kuezekea ni mzigo mmoja. Kabla ya kukubali, mwite fundi mmoja mwenye uzoefu na mpenzi mmoja wa magari ya kale walitazame. Na kama ni lazima liuzwe kama chuma, Sheria ya Vyuma Vikuukuu ya 2015 inamtaka mnunuzi awe na leseni. Mwombe akuonyeshe.

Kosa la kawaida la familia nyingi ni kuanza na rangi. Anza na karatasi. Kama cheti cha umiliki, kile tunachokiita logbuku, kiko katika jina la mtu aliyefariki, gari haliwezi kuhamishwa kwa makubaliano ya mdomo kati ya ndugu. Sharti mirathi ipitie mahakamani na kibali cha kusimamia mali kithibitishwe, ndipo NTSA ibadilishe jina. Kama logbuku imepotea, huanzia kituo cha polisi kupata abstrakti. Linganisha namba ya chesi na ya injini na zile zilizoandikwa kwenye cheti. Injini ikiwa ilibadilishwa zamani bila kuripotiwa, ni afadhali ujue sasa kuliko siku umekwisha kutumia akiba yako kwenye bodi. Watu wametengeneza magari ya ndugu zao kwa miaka, kisha wakanyang'anywa na mrithi aliyetokea na hati.

Wakati hayo yakiendelea, liondoe gari mahali pa umma. Gari lisilotembea lililoachwa barabarani au kwenye maegesho ya wote linaweza kuvutwa na kaunti, na mwenyewe hudaiwa gharama. Liweke ndani ya ua, lipandishe juu ya mawe ili magurudumu yasioze, toa betri, ziba tundu la moshi panya wasiingie, na lifunike kwa kitu kinachopitisha hewa. Nailoni iliyofungwa kabisa hunasa unyevu, na gari huoza huku mwenyewe akidhani amelihifadhi.

Ukifika hatua ya kutaka kushindana, kumbuka nafasi ni karibu magari 70 na pikipiki 40 tu, na maombi hupokelewa miezi kadhaa kabla ya siku yenyewe. Gari liwe na bima, maana hata likiwa na umri gani, likiingia barabarani kwenda Ngong Road linahitaji angalau bima ya mtu wa tatu. Wengi wa washiriki huanza na mwaka mmoja wa kwenda kama watazamaji, karatasi mkononi, wakiandika makosa waliyoyaona kwenye magari ya wengine, kisha wanarudi nyumbani kuyatafuta kwenye lao.